Folda Alizozifuta Shangazi

Shangazi hapendi uchafu. Sahani haijapoa imeshaoshwa, na kiatu ukikiacha mlangoni utakikuta kimepangwa na mwenzake. Ni dada wa baba. Naishi kwake tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Kazi yake ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijapelekwa kwa watumiaji.

Alishanieleza. Kompyuta ya ofisini hufanya majaribio yenyewe, mamia kwa siku. Kila jaribio hujifungulia folda ya muda na kuweka humo vitu vyake. Likifaulu, folda inafutwa. Likifeli, inaachwa ilivyo, mtu aje aone kilichoharibika. Sasa hizo za kufeli zilirundikana hadi diski ikajaa, kazi ikasimama, na bosi akamwuliza shangazi mbele ya watu kama anafuga takataka. Kumwambia hivyo shangazi yangu ni kumchoma kisu. Siku hiyohiyo akaandika mstari mmoja: folda zote zifutwe, jaribio liwe limefaulu au limefeli.

Baadaye akaajiriwa binti mmoja, kwanza kwa miezi mitatu ya kuangaliwa. Walikuwa wanatengeneza programu ya kugawa namba za foleni hospitalini. Binti akasema jaribio limefeli, na kwa macho yake ameona wagonjwa wawili wamepewa namba moja. Wakaenda kutazama folda, haipo. Wakarudia jaribio, likafaulu. Wiki ya pili ikawa vilevile. Ofisini wakaanza kumwita Mama Mizuka. Shangazi alinisimulia tukiwa tunakula, akaigiza binti anavyonyooshea kidole kioo kitupu cha kompyuta, na mimi nikacheka hadi maji yakanipalia.

Ijumaa alirudi kimya. Bosi ameamua, alisema, Jumatatu binti anaambiwa asirudi, kwa kuwa anapotezea watu muda kwa mambo ya kuzua. Safari hii hakuigiza.

Jumamosi asubuhi akafungua kompyuta kwenye meza ya chakula. Mimi nilikuwa nakunja nguo pembeni. Hakutafuta. Alienda moja kwa moja kwenye ule mstari, kama mtu anayejua alikoficha kitu, akautoa. Kisha akaliendesha lile jaribio, tena na tena. Mara sitini likafaulu. Mara ya sitini na moja likafeli, na folda ikabaki. Akaifungua. Wagonjwa wawili, wote namba kumi na saba.

Nikamwambia si awapelekee tu hiyo folda Jumatatu, binti atabaki na kazi yake, na habari za mstari hakuna atakayezijua. Akainamisha uso. Nikaelewa kwamba hilo alishaliwaza kabla yangu, nikajuta kulisema.

Akapiga simu. Sauti ya binti ilisikika hadi nilipokaa.

"Mdogo wangu, folda zako nilizifuta mimi."

"Zote, dada?"

"Zote. Na nilikucheka pamoja na wenzangu."

"Mimi nilienda kupimwa macho," binti akasema.

Shangazi akabaki ameshika simu sikioni hata baada ya binti kuaga. Mimi nikalikunja upya shati nililokwisha kulikunja. Yule binti alimlipa daktari wa macho, na mimi nilicheka na chakula mdomoni.

Kisha akaandika kwenye simu ujumbe kwa bosi na wote wa ofisini, akanipa nisome. Ulieleza diski, mstari, namba kumi na saba, na kwamba binti alisema kweli. Mwishoni aliandika: nilisahau kwamba mstari ule upo.

Niliacha tu macho yangu pale kwenye neno nilisahau.

Akaninyang'anya simu. Akafuta sentensi hiyo, akaandika nyingine polepole, kwa kidole kimoja: mara ya pili binti alipotuambia, nilishahisi ni mstari wangu, nikanyamaza.

Akautuma, akailaza simu kifudifudi. Ilianza kutetemeka juu ya meza, ujumbe juu ya ujumbe, naye akakaa akiitazama bila kuigusa.