Oya na Oyee

Mji wetu ulipata kibao kabla ya kupata ofisi. Kibao kikubwa cha buluu, kimesimamishwa kando ya barabara ya vumbi itokayo Kasulu kwenda Kibondo, kinamkaribisha mgeni kwenye halmashauri ambayo wakati huo ilikuwa vyumba viwili vya kuazima nyuma ya ghala la mahindi. Jina la mji sitalitaja. Waliokuwapo wataujua, na wasiokuwapo hawajakosa kitu.

Mwaka 2013 nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, viti vya wanawake. Msinionee wivu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye benchi ukiwasikiliza wanaume wakiongea, halafu kuinuka kwenda kuwapikia chai kwa sababu wameongea sana. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Nyakitonto, Muha wa damu. Mume wangu alikuwa mwalimu Kibondo na alionekana nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili: mimi na mama yake. Siku ya kunichagua watu walisema, "Mpeni huyu, ana mdomo." Baadaye mdomo huohuo ukawakera. Sasa walitaka nini, jamani?

Mama mkwe wangu alikuwa kinyume changu. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, mzigo kichwani. Wakamweka mahali, wakamhamisha. Wakamweka pengine, wakamhamisha tena. Akalima mashamba ya watu huko Titye mpaka mwenye shamba akalitaka shamba lake. Mwisho akafika hapa mjini, akapata kipande cha ardhi bondeni, pembeni mwa chemchemi, hakuna aliyekitaka maana kilikuwa tope tupu. Akachimba mifereji kwa mikono yake. Akapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, akapanda vitunguu, akapanda mparachichi. Mti huo ndio wa kwanza katika maisha yake kuupanda yeye na kula matunda yake yeye. Aliniambia hivyo mara nyingi mno, hasa nilipolalamika kwamba maparachichi yamezidi jikoni.

Nyumbani tulisemezana, yeye Kirundi, mimi Kiha, na kila mmoja alimwelewa mwenzake. Kiswahili alikijua kidogo, kile alichookota kwenye foleni za kambini na kwenye milango ya maofisi. Yaani ndiyo bwana, asante bwana, samahani bwana. Akikutana na mtu mwenye kalamu mfukoni, kichwa kinainama chenyewe na "ndiyo bwana" inatoka kabla hajaulizwa kitu. Hata uraia alipoupata bado alimwitikia hivyo muuza vocha. Ilinichoma sana, na nilimgombeza, naye akanijibu, "Ndiyo, bwana." Alijua kunikomesha.

Basi halmashauri ikaletewa afisa maendeleo ya jamii kutoka Tanga. Kijana mpole, msafi, Kiswahili chake kitamu hata watu walimwuliza saa ilhali wana simu, ili tu waongeleshwe. Ugonjwa wake ulikuwa neno moja: ushirikishwaji. Asubuhi ushirikishwaji, jioni ushirikishwaji. Alitukalisha chini akatuambia tuchore ramani ya mtaa kwa majivu, tuonyeshe fursa zetu na vikwazo vyetu. Tukachora kwa bidii. Mwenyekiti wa mtaa akaja amechelewa, akapita katikati ya ramani na kiatu chake, akafuta zahanati.

Huyo mwenyekiti naye nimweleze. Mwenyeji, Muha kama mimi, tumbo mbele. Alikuwa na banda la bia na supu juu kidogo ya bonde. Halmashauri iliposema inatafuta pa kujenga stendi ya mabasi, yeye ndiye aliyenyoosha kidole bondeni: pale pale, kwenye chemchemi, kwenye bustani za wanawake, kwenye mparachichi wa mama mkwe. Eneo halina mwenyewe, alisema. Kichwani mwake abiria alishawaona wameshuka wote na njaa, wanapandisha kuelekea supu yake.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara ili wananchi washirikishwe. Tulijaa uwanjani, wengi wanawake wa bondeni na ndoo zao. Afisa akashika kipaza sauti, na kama wafanyavyo wote wenye kushika kipaza sauti nchi hii, akaanza na salamu.

"Mji wetu oyee!"

"Oyee!"

"Kina mama oyee!"

"Oyee!"

Hapo hapakuwa na ubaya. Kisha akaeleza stendi, akaeleza mahali, na wanawake wakaanza kunong'onezana. Akamaliza, akainua ngumi juu.

"Stendi bondeni oyee!"

"Oya!"

Kwa asiyejua: oya, kwa Kiha na kwa Kirundi vilevile, ni hapana. Hapana kavu, haina sukari. Lakini mwana wa Tanga angejuaje? Kwa vijana wa mjini oya ni salamu, ni furaha, oyaa mwanangu vipi. Uso wake ukachanua. Akadhani tumempa oyee ya kisasa, naye asitake kubaki nyuma.

"Stendi oyaaa!" akapaza.

"Oyaaa!" wakamjibu kwa hasira.

"Sijasikia! Stendi oyaaa!"

"OYAAA!"

Kadiri walivyokataa ndivyo alivyofurahi. Mishipa ya shingo imewatoka, wengine wamesimama, bibi mmoja anapiga chini kifuniko cha ndoo, na kijana wa watu anacheza kidogo jukwaani. Nikageuka kumtazama mama mkwe. Alikuwa amesimama na wenzake, kinywa wazi, anapiga kelele oya kwa nguvu zote. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya mtu wa serikali. Nilisisimka mwili mzima, na papo hapo roho ikaniuma, maana nilijua alichosikia yule wa jukwaani.

Nilijaribu kufika kwenye kipaza sauti. Mwenyekiti akanizuia kwa mkono, akafunga mkutano kwa sala. Nikamsubiri pembeni.

"Mwenyekiti, wewe si Muha? Hukusikia wanasema oya?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

Akatabasamu, meno yote nje. "Mjumbe, mkutano wa serikali unaendeshwa kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili hakuna aliyekataa."

Loo! Nilisonya msonyo uliomfikia mkewe bandani. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mama mkwe neno kwa neno, nikamwigiza mwenyekiti na tumbo lake. Yeye alisikiliza hadi mwisho. Akauliza tu, "Kiswahili, alisema?" Akaendelea kuchambua mboga.

Haikupita muda, vijana wa kupima wakashuka bondeni na vigingi. Wakapigilia kimoja kwenye vitunguu. Kwenye shina la mparachichi wakachora X nyekundu. Mama mkwe hakuenda shule, lakini alama ile aliielewa. Alisimama mbele ya mti, akashika rangi kwa kidole, bado ilikuwa mbichi. Akasema kwa Kirundi, "Nimehamishwa vya kutosha." Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Kesho yake nikaenda kwa afisa. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini alinipa kiti na kuniuliza habari za nyumbani kwa ule ulimi wake wa asali, nikalainika kidogo. Nikamwambia oya ni nini.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kisha akashika kichwa.

"Wote wale? Walikuwa wanakataa?"

"Na wewe unawachezea."

"Na nikawaambia sijasikia!"

"Ukawaambia hujasikia, wakaongeza."

Masikini, aliona aibu mpaka nikamhurumia. Akasema taarifa imeshapelekwa juu kwamba wananchi wameupokea mradi kwa shangwe, hawezi kuirudisha kwa maneno ya ofisini. Ila madiwani wa kamati ya ardhi watakuja wenyewe kusikia wananchi kabla ya kupitisha. "Siku hiyo, dada, nakusihi, waseme kwa Kiswahili."

Nilishuka bondeni mbio. Nikawakusanya wanawake kwenye chemchemi nikawaambia habari ya oya imekwisha, tangu leo neno letu ni hapana. Tukalifanyia mazoezi. Ndoo zinajaa na kumwagika, sisi tunaimba hapana. Mimi naigiza afisa, "Stendi bondeni?" wao "Hapanaaa!" Vicheko mpaka mbavu. Mama mkwe alikuwa mferejini anaosha lengalenga, ametupa mgongo. Nikamwita aje ajifunze, akanipungia mkono tu niendelee na mambo yangu. Nilisahau kitu kimoja: banda la supu lilikuwa juu yetu pale, na mwenyekiti ana masikio.

Siku ikafika. Madiwani wakaketi kwenye viti vya plastiki, afisa wa Tanga pembeni na kalamu, safari hii hana ngumi wala oyee. Mwenyekiti ndiye aliyeshika kipaza sauti. Akasalimia vizuri, akawashukuru wageni, akasema tusipoteze muda.

"Ndugu wananchi. Kuna mtu hapa anayepinga stendi?"

"Hapanaaa!"

Uwanja mzima. Kwa furaha! Kwa mpangilio mzuri kama kwaya ya Pasaka!  Nikaruka, nikapunga mikono, wakadhani nawahimiza.

"Sijasikia vizuri," alisema yule fisadi. "Kuna anayepinga?"

"HAPANAAA!"

Madiwani wakatazamana, wakaafiki kwa vichwa, wameridhika. Afisa alikuwa ananitazama mimi, kalamu imesimama hewani. Na mimi mwenye mdomo, mdomo umekauka. Ningesema nini? Mjumbe mmoja dhidi ya uwanja alioufundisha mwenyewe?

"Basi, kwa kuwa hakuna anayepinga," mwenyekiti akaanza.

"Ndiyo, bwana."

Sauti ilitoka nyuma, ndogo. Watu wakageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama, kitenge chake cha kanisani, mikono mitupu. Nikasema moyoni, Yesu wangu, woga umemshika, anaitikia tu kama kawaida yake.

"Ndiyo nini, mama?" mwenyekiti aliuliza, anacheka.

"Uliuliza, kuna." Alikuwa anayatafuta maneno moja moja. "Kuna anayepinga. Ndiyo, bwana. Mimi."

 Kicheko cha mwenyekiti kilibaki usoni lakini hakikuwa na kazi tena. Diwani mmoja akainama mbele. Afisa akaandika upesi. Hapo mwenyekiti akateremsha kipaza sauti, akamfuata mama kule nyuma, akamsemesha kwa Kiha, kwa sauti ya sukari, mama yetu wewe, kaa chini, umechanganya maneno, hawa ni wageni, usitutie aibu.

Mama mkwe alimwacha amalize. Kichwa hakikuinama.

"Kiswahili, bwana mwenyekiti," alisema. "Mkutano wa serikali, Kiswahili."

Kwanza alicheka dereva wa madiwani, kisha uwanja wote ukalipuka. Bibi wa kifuniko cha ndoo akasimama. "Ndiyo! Na mimi!" Akafuata mwingine, ndiyo, na mimi, na mimi, mpaka afisa akaomba wapunguze kasi, mkono hauwezi. Nilikuwa nalia waziwazi, nafuta machozi na utepe wangu wa kupimia nguo, na sijali nani ananiona.

Stendi ilijengwa upande wa pili wa mji, kwenye kichaka, na hadi namaliza muda wangu ilikuwa haina choo. Mwenyekiti aliendelea kuwauzia supu walewale wa siku zote. Vigingi tuliving'oa, viwili nilivitumia kufungia kamba ya kuanikia. X ilibaki kwenye mparachichi na kila mwaka inazidi kupanuka pamoja na gome.

Siku ile ya mkutano tulirudi pamoja kupitia chemchemi. Nilimwuliza kwa nini hakuja kufanya mazoezi na wenzake, neno lenyewe moja tu, hapana, lingemshinda?

Akainama akajaza ndoo yake, akaniashiria nimtwike.

"Hapana ni yenu, mmejifunza juzi," alisema. "Mimi nina ndiyo. Hao watu nimewapa ndiyo tangu msichana. Ile ya leo ilikuwa yangu."

Nikamtwika ndoo. Akatangulia kupanda kilima, nami nikamfuata nyuma, nimefunga mdomo.