Bale Moja Mpaka Mwisho

Mpira wa gofu wa bei ghali ukiukata katikati kwa msumeno utaona tabaka tatu, wakati mwingine nne. Najua kwa sababu nimeukata. Ndani kuna kiini kinachorudisha nguvu ya pigo, juu yake koti gumu, na nje kabisa ngozi laini ambayo uso wa fimbo huikamata, mpira ukazunguka kwa kasi hewani na kusimama pale mtu anapotaka usimame. Ngozi hiyo ndiyo inayolipiwa. Nilisomea kemia ya plastiki Johannesburg, na diploma yangu niliilipia mwenyewe kwa kuosha magari na kulinda maduka, bila mjomba wa kunishika mkono wala padri wa kuniandikia barua. Katika uwanja wetu wa Likasi hakuna mwingine anayeweza kueleza mambo haya. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema kwa sababu nilijitolea kuwaeleza, na hakuna aliyetaka kusikia.

Nilirudi baada ya miaka ishirini na miwili. Nilirudi na gari langu, mashine zangu za kupimia madini na makasha ya mipira ambayo mabingwa wenyewe wanaichezea. Nilifungua maabara upande wa Kamatanda, na wanunuzi huniletea mifuko yao ya mawe niwaambie mna shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani. Neno langu likitoka, watu wazima hukunja karatasi na kwenda. Kwa mawe yao wananiamini kabisa.

Uwanja una matundu tisa, nasi huyazunguka mara mbili. Ulikuwa wa wakubwa wa kampuni ya migodi. Baba yangu alikuwa pwantere katika kiwanda cha Shituru, yaani karani wa kuandika saa za wafanyakazi, na nilipokuwa mdogo alikuwa akiuzunguka uwanja huo kwa nje kila asubuhi kwa sababu kuukatiza kulikuwa kosa. Ndani ya jumba, ukutani, zimetundikwa picha za makapteni wote, kuanzia wa kwanza mwenye kofia ngumu ya kikoloni. Nilipoiona mara ya kwanza safu ile ya picha, niliona pia mahali patupu mwishoni mwake, na nikajua ninachokitaka. Nilitaka uso wa mtoto wa pwantere ukae pale.

Kila Jumapili baada ya misa tulikaa kwenye meza ya buvette, baa ndogo ya klabu, na kila mmoja aliweka mezani mpira, bale kama wanavyouita, aliochezea siku hiyo. Meza hiyo wanaiita hospitali. Chini ya nyasi zetu kumejaa makombo ya skori, mabaki meusi ya tanuru za zamani, nayo hukata kama chupa iliyovunjika. Mipira huonyeshwa vidonda vyake, na wenye mipira hubishana.

Mpinzani wangu katika ubishi alikuwa fundi mstaafu wa mitambo, mzee mwenye vidole viwili pungufu mkono wa kushoto. Yeye alichezea mipira aliyoiokota vichakani, akaisugua kwa msasa na kuipaka rangi nyeupe ya milango.

“Papa,” nilimwambia siku moja, “ile rangi inajaza vishimo vya mpira. Bila vishimo mpira haupandi.”

“Yangu inapanda,” alisema. “Inapanda pole pole, sawa muntu wa pansion.”

Wote walicheka. Daktari wa meno, ambaye ndiye aliyeandika alama za kila mchezo, aliuinua mpira wangu dirishani. Ngozi yake ilikuwa na mkato kama mdomo.

“Iyi imecheza siku moja tu?” aliuliza.

“Moja,” nilisema. “Ni laini ili isimame karibu na shimo.”

“Kusimama?” Fundi alinigeukia. “Mwana yangu, apa kwetu ku shimo hakuna majani. Ni muchanga na mafuta ya moteri. Ata ndimu ukitupa, itasimama.”

“Weye uko na diploma,” alisema mama wa buvette akipangusa meza, “na bale yako iko na diploma. Mawe ya apa njo haikusoma.”

Nilicheka nao. Nilijua kwamba mchangani ngozi laini haisaidii sana. Hilo halihitaji shule. Lakini niliwaeleza kuhusu kiini, na jinsi hewa ya huku juu ilivyo nyepesi, na kwamba mpira mzuri hapa huruka mbali kuliko pwani. Daktari alikubali nusu. Alisema mpira wa bei humfaa anayejua kupiga, na anayejua kupiga hauhitaji. Ni maneno ya mtu anayetaka kupendwa na pande zote. Fundi alisema tu: “Bale moja mpaka mwisho,” wakagonga glasi. Walikuwa wakilisema neno hilo mara nyingi. Nililichukua kuwa mzaha wa watu waliozoea kukosa.

Kapteni alipohamia Kolwezi kwa watoto wake, tuliotaka nafasi tukawa wawili, mimi na fundi. Desturi ya hapo hawapigi kura. Wanaotaka hucheza, mchezo mmoja, mizunguko miwili, na mwenye mapigo machache ndiye picha yake inapanda ukutani. Nilifurahi. Kura ningeweza kunyimwa. Mapigo nilidhani hayanyimiki.

Siku hiyo nilicheza kama sijawahi kucheza tangu nirudi. Mpira wangu ulitoka kwenye fimbo na mlio ule mfupi, safi, ambao anayeujua hausahau. Wa fundi ulitoka na mlio wa mtu anayebisha mlango wa ubao. Mzunguko wa kwanza nilimwacha mapigo mawili, na katikati ya wa pili bado nilikuwa mbele kwa mawili.  Fundi alitembea mikono nyuma, akisimama kila mara kuuangalia mpira wake kabla ya kuupiga, kama mtu anayeangalia mahali pa kuweka mguu.

Kwenye shimo la sita, mzunguko wa pili, niliupiga wangu vizuri sana. Ulitua katikati ya njia, ukaruka kando kwa sauti kavu. Tulipoufikia, ngozi ilikuwa imechanika kutoka upande hadi upande, kipande kinaning’inia. Mpira wa hivyo haupigiki. Unakwenda unakotaka wenyewe. Niliuweka mfukoni, nikatoa mwingine mpya kwenye kasha.

Daktari alitazama kalamu yake. “Unabadirisha?”

“Huoni ulivyochanika?”

“Naona. Nauliza tu.” Akaandika kitu.

Tulimaliza. Mapigo yangu themanini na mawili, ya fundi themanini na matatu. Nilimpa mkono, akaupokea lakini hakuuachia. Alimtazama daktari.

“Themanini na ine,” daktari alisema. “Mwenye kubadirisha bale anaongeza mbili. Njo sheria.”

Niliwaambia nimecheza katika viwanja vya nchi tatu na hakuna mahali mtu huadhibiwa kwa mpira uliochanika. Niliwaambia sheria ya kunong’onezana kwenye buvette si sheria. “Imeandikwa wapi?” niliuliza. “Nionyesheni ilipoandikwa, nitawapa mkono wote na kwenda nyumbani.” Nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu nilikuwa na hakika hawana karatasi. Watu hawa hawana karatasi ya kitu chochote.

Mama wa buvette aliingia nyuma ya kaunta, akatoka na kayé, daftari la jalada jeusi lililofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Aliifungua bila kutafuta sana, akaigeuzia upande wangu.

*Bale moja mpaka mwisho. Mwenye kubadirisha, mapigo mbili.*

Sikufika mwisho wa mstari kabla ya kuujua mwandiko. Ile *b* yenye tumbo kubwa, ule mstari mdogo katikati ya saba kwenye tarehe ya pembeni, wino wa buluu uliokandamizwa mpaka karatasi ikavimba upande wa pili. Madaftari yangu yote ya shule ya msingi yalikuwa na sahihi ya mkono huo.

“Papa yako njo aliandika,” fundi alisema, sasa akiachia mkono wangu. “Wakati kompani ilikufa, bakubwa banaenda, mushahara hakuna. Tukaingia apa kucheza, sisi ba Shituru. Bale zilikuwa ine kwa batu kumi. Mwenye kuharibisha bale anaharibishia benzake. Papa yako akasema tuandike, ju batu basigombane.”

“Hakuniambia kama alicheza gofu,” nilisema.

“Ulikuwa haupo,” alisema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

Ni kweli sikuwepo. Sikuwepo hata alipozikwa. Siku hiyo nilikuwa na mtihani, na mtihani huo ndio ulionipa diploma. Katika simu zetu chache alikuwa akiniuliza kama nakula vizuri. Hakutaja mpira hata mara moja. Wote waliokuwa mezani walimjua akiwa na fimbo mkononi, katikati ya uwanja alionifundisha utotoni kuuzunguka, na hakuna aliyeona haja ya kunieleza mpaka siku nilipohitaji kushindwa. Nilimwomba mama wa buvette aniachie ukurasa ule. Alifunga kayé, akarudisha mpira wa baiskeli. “Ni ya klabu,” alisema.

Niliwapa mkono wote, kama nilivyoahidi, na kwenda nyumbani.

Picha ya fundi iko ukutani sasa, amevaa koti la kuazima. Wiki iliyofuata alikuja maabara, akaacha juu ya meza yangu mpira wake wa siku ile, akasema niuchezee Jumapili. Sikuuchezea. Niliufunga kwenye jiliwa na kuukata katikati, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Ndani ni kipande kimoja cha mpira mgumu na ganda la plastiki ya bei ya chini kabisa, halafu rangi, na juu yake rangi, tabaka saba, moja ikiwa na unjano wa rangi ya zamani ambayo siku hizi haiuzwi. Vishimo havionekani. Kwa yote niliyosomea, mpira ule ni mbaya, na wangu ni bora, na nitamwambia hivyo yeyote atakayeniuliza.

Nusu mbili ziko kwenye droo, pamoja na makasha yaliyobaki. Jumapili natoka kanisani na kupita njia ya nje, ile ya kuzunguka uwanja.