Maji Yaliyochemka Bila Moto

Mwalimu Veneranda alifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa Iringa, na miaka yote hiyo shule haikuwa na maabara. Alikuwa na chaki, ubao na mikono yake miwili. Kila mwaka somo lilipofika kwenye kuchemka, aliwaandikia wanafunzi kwamba maji yakiondolewa mgandamizo wa hewa huchemka hata yakiwa ya baridi. Wao walinakili, wakajibia mtihani, wakasahau. Yeye mwenyewe aliamini tu, kwa kuwa kitabu kimesema.

Alipostaafu alibaki palepale Iringa, mtaa wa Kihesa, na bustani yake ya mboga na gari dogo la mtumba. Mwezi wa Novemba kitindamimba wake, Esta, aliyeolewa Kyela, akajifungua mtoto wa kwanza. Veneranda akafunga safari kwenda kuwachukua, awalee nyumbani. Alipokuwa akikatiza tambarare za Usangu, jua la saa saba likiwaka, aliwasha AC ikampulizia hewa ya moto kama pumzi ya mgonjwa wa homa. Yeye alishusha vioo akavumilia. Lakini wakati wa kurudi, kichanga cha wiki tatu kingevumilia vipi?

Alilala Mbeya kwa shemeji yake, na asubuhi akaelekezwa Mwanjelwa, kwa fundi aitwaye Muhidini. Njiani alijiuliza huyo fundi anakula nini, kutengeneza viyoyozi katika mji ambao watu wanavaa masweta.

“Shikamoo, mama,” Muhidini alimpokea. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mtoto wa fundi cherehani aliyehamia huku kutoka Tanga. Aliishia darasa la saba, akajifunza kazi kwenye mafriji mabovu.

“Marahaba. Gari linapuliza joto. Nijazie gesi.”

“Gesi haiishi kama petroli, mama. Ikipungua, ujue imevuja. Kwanza tutafute inapotokea.”

Alifunga geji zake, na mishale ikainuka kidogo tu. Akaongeza gesi kiasi, akakoroga sabuni kwenye kopo, akawa anapaka povu kwa brashi kwenye kila kiungio cha bomba, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nyuma ya taa ya kushoto povu likavimba, likafanya puto dogo kama punje ya dengu. “Huyu hapa.” Akatoa gesi iliyobaki, akafungua kiungio na kuchomoa kipete cha mpira kilichokauka na kupasuka. Akaweka kipya, kisha akaunganisha pampu.

“Sasa tunanyonya hewa na unyevu. Nusu saa hivi.”

Ualimu haustaafu. “Hewa sawa,” Veneranda alisema. “Unyevu unatokaje?”

“Unachemka. Ukishanyonya hewa yote, maji yanachemkia humohumo bombani, yanakuwa mvuke, pampu inayavuta.”

Veneranda aliisogelea pampu. “Umewahi kuyaona kwa macho?”

“Kama ninavyokuona wewe.”

“Nionyeshe.”

Muhidini alitoa chini ya meza pampu nyingine, kuukuu. Hiyo mpya hakuthubutu kuitumia, alisema, kwa sababu maji yanaharibu oili yake. Akaleta bakuli nene la kioo lililotoka kwenye chujio la dizeli la trekta ya zamani, akatia maji ya bomba. Veneranda akachovya kidole: yale maji ya Mbeya ya asubuhi, yanayouma mifupa. Mfuniko ukakazwa, mpira ukachomekwa, pampu ikaanza kunguruma.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha viputo vya hewa vikashika ukutani mwa kioo. Kisha, ghafla, maji yakapasuka kwa mapovu, yakaruka na kutibuka kama maji ya ugali yaliyokolea moto. Na moto haukuwapo. Ilikuwapo meza ya mbao tu, na asubuhi ya baridi.

Aligusa kioo. Kilikuwa baridi kuliko mwanzo.

“Mungu wangu,” alisema, akakaa juu ya tairi bila kujali gauni. Machozi yalimtoka.

“Mama, unaumwa?”

“Mimi ni mwalimu. Nimeyaandika haya ubaoni miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kuyaona.”

Muhidini akazima pampu, akachuchumaa mbele yake. “Basi mwalimu, nisaidie. Yanachemka, halafu yanapoa. Miaka kumi na minne najiuliza, na hakuna wa kumuuliza.”

“Maji hayawezi kuwa mvuke bila kula joto,” Veneranda alisema. “Ukiyanyima moto, yanakula joto lake yenyewe. Ndiyo maana yanapoa.”

Fundi aligeuka akalitazama gari. “Kwa hiyo gesi yangu… inachemkia mle ndani, inakula joto la abiria?”

“Inalila, inalibeba, inakwenda kulitupa huku mbele, upepo unalichukua.”

“Kumbe sijawahi kutia baridi kwenye gari hata moja,” alisema polepole. “Kazi yangu yote ni kutoa joto.”

Wote wawili wakalitazama lile bakuli, ambalo maji yake sasa yalikuwa yametulia kana kwamba hayajafanya lolote.

Mshale wa geji haukusogea, ishara kwamba hapavuji tena, gesi ikajazwa, na baridi ikatoka.

Baada ya siku mbili Veneranda alipita Chimala, kwenye tambarare zilezile za Usangu, akitoka Kyela. Nje, madereva wa malori walilala vifua wazi chini ya matela yao, na lami ilimetameta. Ndani, kichanga kilikuwa kimelala na kofia yake ya sufu. Bibi alipeleka kiganja kwenye tundu la hewa, akatabasamu peke yake.

“Mama, unacheka nini?” Esta aliuliza.

“Kuna kitu kinachemka hapa mbele yetu.”

“Gari limechemka? Mama, simama!”

Veneranda alicheka mpaka akapunguza mwendo. Halafu akaanza kumweleza, na walipofika Makambako alikuwa bado anaeleza.