Gražina na Tusi la Babu

Gražina alikuja kwetu Grimsby, Uingereza, kumhudumia babu yangu, Wilf. Ni mama wa makamo kutoka Lithuania, mfupi, mwenye mikono ya moto. Wahudumu wa kabla yake walishindwa na mdomo wa babu, ambao miaka ya kupakua samaki bandarini iliunoa na kiharusi hakikuugusa.

"Huyu naye akiondoka, baba anakwenda nyumba ya wazee," mama yangu alisema. "Wanasubiri jibu langu Ijumaa. Mgongo wangu umekwisha."

Asubuhi ya kwanza Gražina alipomsogelea na taulo, babu akafoka, "Piss off!"

Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyofukuzwa. Lakini ukilitenganisha tusi hilo, kipande cha mbele ni kukojoa tu, na Gražina alijua Kiingereza cha vipande. Akaitika, "Sawa, mzee," akatoka mbio, akarudi na chupa ya mkojo.

"Nini tena hiki?"

"Mkojo, mzee. Umesema."

"Nimesema utoke!"

"Ndiyo, utatoka. Usiulazimishe. Mimi nageuka."

Babu aliitazama chupa. Halafu nusu ya uso wake ikaanza kucheka, nusu nyingine imelala. Kicheko hicho tulikuwa hatujakisikia tangu augue.

"Haya, lete basi," akasema taratibu.

Nilikuwa mlangoni na chai yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akitukana kila alipobanwa na mkojo. Kuomba chupa aliona aibu, kwa hiyo alimfukuza mtu kwanza, kisha akalowa peke yake.

Baadaye babu alimweleza Gražina maana ya tusi lile, na nyingine zote. Mvua ikimwagika, ni neno hilohilo. Mtu akilewa, hilohilo. Akikasirika, ukimdhihaki, hilohilo.

"Hamna neno lingine nyinyi?"

"Tunayo, binti. Ila ni mabaya zaidi."

"Nifundishe."

Ijumaa mama alirudi kutoka kazini, akakaa kwenye ngazi na koti lake, simu mkononi. Juu, Gražina alikuwa akiaga.

"Kesho unakuja saa ngapi?" babu akauliza.

"Saa mbili, mzee."

"Mbili mbali. Njoo saa moja."

"Utakuwa umelala."

"Si utaniamsha?"

Mama akajifuta macho kwa mkono wa koti, akapiga simu nyumba ya wazee. "Kile kitanda," akasema, "mpeni mwingine."