Kiti cha Nyuma cha Mzee Chisanga

Maisha yake yote Mzee Chisanga alikuwa mtu wa kukaa mbele. Alifanya kazi reli hadi akastaafu, na miaka hiyo yote kanisani alikaa benchi la kwanza. Akipewa lifti na mtu hakuuliza aingie wapi. Alifungua mlango wa mbele, akaikunja miguu yake mirefu, akakaa kando ya dereva kama aliyezaliwa pale. Watu wa mtaa wake, Makomeno, mjini Lubumbashi, walikuwa wamemzoea hivyo.

Basi mkewe Bwalya alipofariki, binti yao Marceline akamchukua mzee aishi nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyeona kwamba baba yake amehamia nyuma. Kanisani alichukua benchi la mwisho. Mezani alivuta kiti hadi mgongo ukagusa ukuta. Na akipanda gari alitaka kona ya mwisho kabisa, hata magoti yakimgusa kidevu.

Marceline hakumuuliza sababu. Alidhani anaijua.

Mama yake alifia kwenye safu ya tatu ya viti, ndani ya gari la jipu. Walikuwa wanarudi kutoka Kasomeno, kwenye arusi ya mpwa wao, ndani ya gari la kukodi lililojaa jamaa. Bwalya alikuwa mwembamba, mwepesi, kwa hiyo walimwambia kwa mzaha apite nyuma pamoja na mabegi: “Weye ni mudogo, utaenea.” Akapita akicheka. Jua lilikuwa kali, redio ilipigwa kwa sauti, watu waliimba. Walipofika Lubumbashi wakashuka wa mbele, wakashuka wa katikati, kiti kikainamishwa ili naye atoke. Hakutoka. Daktari alisema moyo. Marceline hakuwamo safarini, na tangu siku hiyo alichukia kila gari lenye viti nyuma ya viti.

Ndiyo maana mumewe Anselme alipotaja kununua gari jipya, nyumba ilipata mgogoro. Anselme alikuwa mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa vitenge vya jumla, mpole lakini mbishi.

“Tuko bantu sita, Mama Deborah,” alisema. “Weye, miye, batoto batatu, na Tata, baba yako. Motokari yetu iko na fasi tano. Utaacha nani ku nyumba?”

“Nitabaki miye.”

“Njo nini hiyo sasa?”

Mzee Chisanga, mgongo ukutani, akaweka kijiko chini. “Munuwe ya safu tatu,” akasema. “Miye nitaikala nyuma.”

Jumamosi wakaenda wote kwenye uwanja wa magari, barabara ya Kasumbalesa. Muuzaji, kijana mchangamfu aitwaye Franck, alikuwa na jipu tatu za viti saba, zote zimeoshwa lakini vumbi jekundu limekwisha kuzirudia.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe, na viti vyake vya katikati vilikuwa vipana kama makochi ya sebuleni. Deborah na wadogo zake, Gradi na Caleb, wakajitupa humo wakisema hawashuki. Lakini safu ya tatu ilikuwa ya kudanganya macho. Sakafu yake ilikuwa imeinuliwa, kiti kikawa kifupi, na Mzee Chisanga alipoingia alichuchumaa kama mtu anayeota moto. Kutoka ilibidi avutwe mikono na Anselme na Franck pamoja.

Ya pili, ya kijivu, ilikuwa na nafasi ya miguu nyuma, ila paa lilishuka. Mzee aliinamisha kichwa, akabaki hivyo, kama mtu anayesomewa hukumu. Vitundu vya hewa baridi viliishia safu ya katikati. Marceline alipitisha kiganja kule nyuma akahisi joto limesimama tuli. Akaurudisha mkono haraka.

“Hii hapana,” akasema, na sauti yake ikamshtua hata Franck.

Ya tatu ilikuwa ya zamani kidogo, ndefu, yenye umbo la sanduku. Katikati ilikuwa na viti viwili vilivyoachana, na baina yao kinjia, hivi kwamba mtu wa nyuma aliweza kuingia na kutoka bila kumsubiri wa mbele ashuke. Benchi la nyuma lilikuwa na kina, miguu ilishuka chini vizuri, na darini kulikuwa na vitundu vya hewa upande huu na huu. Mzee alipita, akakaa, akanyoosha mgongo. Kisha akakataa kutoka.

Anselme na Franck walikuwa wameinama kwenye injini, watoto wanacheza nje. “Tata, kuya,” Marceline alimwita atoke. Mzee akazidi kuegemea kiti. Ikabidi aingie.

Hakuwahi kukaa safu ya tatu tangu msiba. Alipokaa kando ya baba yake akaona alichokiona mama yake siku ile: migongo ya viti, mito ya vichwa kama visogo visivyo na nyuso, na kioo cha pembeni kisichofunguka, kilichoikata barabara vipande. Kelele za uwanjani zilisikika kama zinatoka nyumba ya jirani.

“Unapenda kuwa karibu na mama,” alisema polepole. “Ninasikia, Tata. Lakini unajitesa.”

Mzee Chisanga akamtazama kwa mshangao wa kweli. “Karibu naye? Mwana, miye ninamukimbia.”

Mzee akageuza macho mbele, kwenye migongo ya viti.

“Ile siku nilikuwa katikati, yeye nyuma yangu. Tukiisha kupita magunia ya makala ya kupikia, alitia mukono pa bega yangu. Hivi.” Hakumgusa binti yake; aligusa hewa. “Nilizania anachoka. Nikapigapiga ule mukono, nikasema, ‘Tunafika, mama, tunafika.’ Sikugeuka. Bantu balikuwa banaimba, na miye nilikuwa naimba. Mukono ukakawia pale, kisha ukatoka.”

Nje Caleb alikuwa akicheka kwa sauti.

“Tangu ile siku, kama kuko fasi nyuma yangu, mukono unakuya. Mu kanisa, ku meza. Haufinye, haunivute. Unawekwa tu. Sasa kama niko wa mwisho, nyuma yangu hakuna kintu. Unasikia? Njo kule tu ninapumuzika.”

Alikaa naye mpaka Anselme aliporudi kusema injini ni nzima. Wakalichukua lile la tatu.

Safari yao ya kwanza ilikuwa ya Kasomeno, na mzee ndiye aliyeiomba. Chomba, dada mkubwa wa Bwalya, aliishi kule, na hakuwahi kuambiwa habari za mkono. Wakaondoka asubuhi. Anselme aliendesha, Gradi kando yake. Marceline na Deborah wakachukua viti viwili vya katikati. Nyuma mzee na Caleb. Hewa ilifika kote. Hakuna aliyewasha redio.

Walikuwa wamekwisha kuyapita magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya barabara Marceline alipohisi mkono begani. Ulikuwa mwepesi, na ulikuwa na joto.

“Simamisha!” alipiga kelele. “Simamisha, Papa Deborah!”

Gari likayumba, likasimama kwenye majani. Marceline aligeuka. Caleb alikuwa amelala, kichwa pajani mwa babu yake. Mzee Chisanga alikuwa amelala pia, mikono yote miwili imefumbatwa katikati ya magoti. Deborah alikuwa anamtazama mama yake kwa hofu.

“Kuko nini?” mzee akauliza, akiamka.

“Hakuna, Tata. Tunapumuzika.”

Lakini kiganja chake bado kilishika bega lake mwenyewe, na mzee akakiona. Uso wake ukalegea.

“Alikuya kwako,” akasema. Si swali. “Muulize anataka nini. Miye sikumuuliza.”

Marceline alishuka, akaenda hatua chache majanini, ambako watoto hawakuweza kumsikia. Akauliza, kwa sauti, kama mtu anavyomuuliza mama yake jikoni: “Mama, unataka nini?” Lori lilipita, vumbi likamfunika. Alingoja hadi likatua. Hakusikia kitu, na hakuguswa tena. Aliporudi garini alikuta baba yake amesimama nje, analia waziwazi, na Anselme anampa maji.

Huko Kasomeno, Mama Chomba alimsikiliza shemeji yake mpaka mwisho. Hakumlaumu wala kumfariji. Alitoka nje akakaa peke yake nyuma ya nyumba, na bukari, ugali wa chakula cha mchana, ikapoa bila mtu kuigusa. Alipoingia tena macho yake yalikuwa mekundu.

“Utabaki hapa,” alimwambia. “Ile maneno uliniambia leo, utaniambia tena kesho, na kesho kutwa. Hauwezi kuibeba weye peke.”

Mzee akakubali, kama mtoto anayekubali dawa.

Jioni ilipokaribia wengine wakaaga. Nafasi ilikuwa tele sasa, na Anselme akawaambia watoto wachague wanapotaka. Gradi akarudi kando ya baba yake. Marceline akakaa kiti kimoja cha katikati; Deborah na Caleb wakabanana kwenye kile kingine, mkanda ukiwafunga wote wawili, benchi lote la nyuma likabaki tupu, na hakuna aliyewauliza kwa nini.