Avril Goymer na siku alipoletewa Dunnock

Saa mbili asubuhi, mvua nyepesi inanyesha Newmarket, mji wa mbio za farasi huko Uingereza, bila haraka yoyote, na Avril Goymer anapaka mbingu.

Mezani, karibu na dirisha la jikoni, kuna karatasi sita zenye picha ileile: wawindaji wanane juu ya farasi, kundi la mbwa, ua wa michongoma, na mnara wa kanisa kwa mbali. Picha zimetoka kwenye mtambo zikiwa na mistari ya wino mweusi tu. Rangi ni kazi yake. Analowesha brashi pana, anagusa buluu, anaivuta kutoka kona hadi kona, kisha anahamia karatasi ya pili.

Nje, farasi wa mazoezi wanapita wawili wawili kuelekea uwandani. Magari yamesimama kuwapisha. Avril hainui kichwa.

"Mbingu haina subira," anasema. "Ukigeuka kuangalia nani kapita, inakauka na mstari, na huo mstari hautoki tena. Koti jekundu unaweza kulirudia. Mbingu ukiiharibu, umeiharibu."

Ana umri wa miaka sitini na mitatu. Alianza kazi hii akiwa binti wa miaka kumi na sita, katika karakana iliyokuwa nyuma ya duka la Lionel Askew, mchapaji na muuzaji wa picha za uwindaji na mbio za farasi. Wanawake walikaa kwenye meza moja ndefu, kila mmoja na rangi yake, na picha ikisukumwa kutoka mkono hadi mkono. Yeye alipewa makoti.

"Mwaka mzima nilipaka makoti mekundu tu. Nikifumba macho nalala, naona migongo ya mabwana."

Wenzake wote wameacha au wamezikwa. Tangu sheria ilipokataza kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa, baa nyingi zimeshusha picha hizo ukutani. "Watu hawataki kula chipsi huku wanamtazama mbweha anakimbizwa," anasema. Hata hivyo bado wapo wanaozitaka, na Askew bado anachapa, kwa mabamba yaleyale ya shaba ya zamani na mengine machache mapya. Mwezi mzuri Avril hupata kama pauni mia saba. Hazijengi nyumba, anasema, lakini taa zinawaka.

Mbweha humpaka mwisho. "Akiwa mistari tu, ni mchoro. Akishapata rangi, unaanza kumwonea huruma. Kwa hiyo namwacha mpaka nikaribie kuinuka."

Mumewe, Desmond, ambaye mji mzima humwita Des, analeta chai. Ni fundi mstaafu wa viatu vya farasi, vile vya chuma vinavyopigiliwa misumari kwenye kwato, mwenye mabega mapana na magoti yaliyokwisha.

"Mke wangu kila asubuhi ana wanaume wanane mezani," anasema, "na wote wana farasi. Mimi nina baiskeli."

"Na hiyo baiskeli haina breki," Avril anamjibu bila kumtazama.

Wanacheka kidogo. Miaka miwili iliyopita, ndani ya jiko hilihili, hapakuwa na utani wa namna hiyo. Kwa wiki kadhaa Des hakuingia kabisa. Alikula kibandani nyuma ya nyumba, sahani juu ya mapaja, kwa sababu mezani kwa mkewe palikuwa na farasi ambaye hakutaka kumwona.

Farasi huyo anaitwa Dunnock.

Lewis, mtoto wao wa pekee, alikuwa mpanda farasi wa mazoezi. Si wale wanaovaa hariri na kupigiwa makofi. Ni wale wanaoamka kabla ya mji kuamka, wakiwakimbiza farasi wa matajiri kwenye baridi ili siku ya mbio mwingine apande na kushinda. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Asubuhi moja ya Oktoba, Dunnock, akiwa bado farasi mdogo asiyejua mambo, alishtuka uwandani akaanguka na Lewis akiwa chini yake. Farasi aliinuka mzima. Lewis alifia hospitalini kesho yake, bila kufumbua macho.

Des ndiye aliyekuwa fundi wa viatu katika banda alilofanyia kazi Lewis. Wiki hiyohiyo aliweka nyundo chini, na hakuishika tena.

Dunnock alikua. Akiwa na miaka minne alishinda mbio kubwa za majira ya joto, na siku hiyo mji ulijaa nyimbo. Avril alifunga madirisha. Hakutazama televisheni, na gazeti lenye picha ya farasi aliligeuza kifudifudi hadi siku ya takataka.

Miezi michache baadaye Lionel Askew alibisha hodi, kofia mkononi.

"Avril, nimekuja mwenyewe, usije ukasikia kwa watu," alisema. "Mwenye Dunnock anataka picha. Ya mtindo wa zamani, bamba la shaba, rangi ya mkono. Nakala mia na hamsini."

"Na umekuja kwangu."

"Hakuna mwingine, unajua. Ukikataa nitaipeleka London, ikapigwe rangi na mashine."

"Ipeleke."

"Sawa. Sitakulaumu."

"Unilaumu kwa lipi, Lionel? Nenda kabla Des hajarudi."

Alikwenda, ila nakala ya kwanza aliiacha juu ya kiti. Hadi leo Avril hajui kama alisahau au alifanya makusudi. Aliifunika kwa kitambaa cha meza. Siku ya tatu aliifunua.

Farasi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, shingo juu, na msichana ameshika hatamu. Mistari mitupu. Mwili wote mweupe kama karatasi yenyewe.

"Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kumwona," anasema Avril, na brashi inatulia mkononi. "Nilikuwa namchukia mnyama ambaye sijui hata ana rangi gani."

Alivaa koti akatoka. Hakumwambia Des.

Bandani alipokewa na yule msichana wa kwenye picha. Ni Bronagh Tierney, Mwairishi, mtunzaji wa Dunnock tangu farasi huyo alipoletewa hatamu ya kwanza. Avril alimfahamu kwa sura. Kwa miaka yote hiyo Bronagh akimwona sokoni alivuka barabara.

"Bi Avril," alisema, na ndoo ikamponyoka. "Karibu. Au… sijui niseme nini."

"Nionyeshe."

Alifungua nusu ya juu ya mlango. Dunnock alikuwa anakula. Aligeuza kichwa, akamtazama Avril kwa muda ambao mtu humtazama mpita njia, akarudi kwenye majani yake. Alikuwa wa kahawia inayoelekea wekundu, na baka jeupe usoni lililopinda kuelekea tundu moja la pua. Miguu ilizama kwenye nyasi kavu.

"Nilitaka awe jitu," Avril anasema. "Miaka yote nilimwona jitu. Kumbe ni farasi tu, ana vipande vya majani puani."

Kisha akamuuliza msichana kitu ambacho hakuwahi kumuuliza mtu yeyote: wewe ulikuwepo?

Bronagh alikuwa nyuma ya Lewis asubuhi ile, juu ya farasi wa pili. Alisema ndege wa porini aliibuka kwenye nyasi, karibu kabisa na miguu, Dunnock akaruka upande na kuanguka. Yeye alishuka, akapiga magoti.

"Aliongea," Bronagh alisema.

"Walituambia hakusema neno."

"Waliokuja baadaye hawakumsikia. Mimi nilimsikia. Alisema, 'Mshike huyo, asifike barabarani.' Magari, Bi Avril. Saa zile magari ni mengi. Nikamwacha nikaenda kumshika farasi. Niliporudi alikuwa kimya."

Avril anakiri kwamba kwa dakika chache alimchukia binti huyo kuliko alivyowahi kumchukia farasi. Mwanawe alikuwa chini, na mtu akamwacha akakimbilia mnyama. Kisha akayasikia tena maneno yenyewe, na sauti iliyoyasema.

"Huyo ni Lewis," alisema hatimaye. "Huyo ndiye yeye kabisa. Hata ningekuwa mimi pale, angenifukuza nikamshike farasi."

Wakalia, kila mmoja upande wake wa mlango, na Dunnock akiendelea kula.

Avril alipokuwa akiaga, Bronagh alitamka jambo lingine, kama mtu anayeongeza lililobaki. Alipomshika farasi karibu na barabara alimkagua miguu, kama anavyokagua mtunzaji yeyote. Viatu vyote vinne vilikuwa mahali pake, vimekaza.

Avril alirudi nyumbani karibu akikimbia.

Mumewe alikuwa mlangoni, anavua buti. Ripoti ya ajali ilisema wazi kwamba farasi alishtuka, lakini Des hakuwahi kuiamini, wala hakuwahi kumuuliza mtu aliyekuwepo, kwa kuogopa atakachojibiwa. Vile viatu alivipigilia yeye, siku mbili kabla, na alihofia kwamba kimoja kilichomoka. Mkewe alijua. Alijua kwa sababu alimsikia usingizini akihesabu misumari.

"Des, nimetoka kumwona Dunnock."

"Umekwenda kufanya nini kule?"

"Nisikilize. Yule msichana ndiye aliyemshika. Viatu vilikuwepo. Vyote."

"Vyote?"

"Vyote vinne. Vimekaza. Alikuwa ndege, Des. Ndege tu."

Des alikaa kwenye ngazi, buti moja mguuni na nyingine mkononi. Aliivaa tena hiyo nyingine. Kisha akaenda kibandani kwake, na Avril akamwacha.

Avril aliipokea kazi ya Askew siku iliyofuata. Nakala ya kwanza aliiharibu, rangi ikavuka mstari wa shingo, akaichana na kuitia jikoni motoni. Ya pili ilikubali. Alianza na mbingu kama kawaida, akapaka ukuta wa banda, akapaka sweta ya Bronagh, na farasi akamwacha mwisho.

Ilikuwa wiki ya tatu Des alipoingia kutafuta birika. Alipita nyuma ya kiti cha mkewe, akasimama.

"Hiyo kwato ya mbele, ya kushoto," alisema. "Umeipaka nyeusi."

"Sikuiona. Ilikuwa ndani ya nyasi."

"Ni nyeupe. Ina mstari mwembamba wa kahawia, hapa." Alionyesha kwa kidole kinene bila kugusa karatasi. "Nimeishika mapajani mara ngapi? Ni nyeupe."

Avril alichukua maji safi na kitambaa, akaifuta taratibu hadi karatasi ikarudi, kisha akauchora ule mstari. Siku hiyo Des alikula mezani.

Kazi ilipokaribia kwisha, Askew alikuja na pendekezo. Mwenye farasi alikuwa amesikia habari za Lewis, na alikuwa tayari jina lake liandikwe chini ya picha.

"Hapana," Avril alimwambia.

"Avril, ni heshima."

"Ni heshima, na namshukuru. Lakini hii ni picha ya farasi aliyeshinda, na Lewis hakuwepo siku ya kushinda. Usimtie mwanangu kwenye sherehe ya watu."

"Basi tuache ilivyo."

"Usiiache. Umeandika jina la farasi, jina la mwenyewe, jina la mkufunzi, jina la aliyempanda. Huyu aliyemshika hana jina?"

"Watunzaji hawaandikwi, unajua desturi. Na bamba limeshachongwa. Kulichonga tena ni gharama."

"Nimepaka watunzaji tangu utotoni, Lionel. Hao vijana walioshika hatamu pembeni, hakuna hata mmoja ninayemjua jina. Mwandike huyu, ama nakala zilizobaki utazipaka wewe."

"Mimi? Nitampaka buluu."

"Basi mwandike."

Bamba lilirudi kwa mchongaji. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, pamechongwa: *Amemshika Bronagh Tierney.* Nakala zote zina mstari huo, hata zile za mwanzo, ambazo zilipitishwa tena mtamboni moja moja. Mojawapo iko Ireland, sebuleni kwa mama yake Bronagh, ambaye alimpigia Avril simu kumshukuru.

Akina Goymer hawana nakala ukutani. "Sihitaji," anasema Avril. "Namjua sasa."

Mvua imekatika. Mbingu sita zimekauka bila mstari hata mmoja, naye anafungua kibati cha rangi nyekundu. Macho yamepungua nguvu, na daktari amempangia upasuaji wa jicho la kulia majira ya kuchipua. Akipona ataendelea, anasema, maana hajui kukaa bure.

Ila kuna jambo analotaka kulifanya kabla ya jicho. Kutoka mlangoni kwake hadi mahali alipoanguka Lewis ni mwendo mfupi kwa miguu, na hajawahi kufika. Oktoba hii Bronagh atakuja kumchukua baada ya farasi wa mwisho kurudi bandani, amwonyeshe.

"Sitaki maua wala maneno," anasema. "Nataka kusimama pale niangalie kunaonekana nini."

Na Des?

Avril anatazama mlango wa nyuma, ambako mumewe anasikika akigombana na baiskeli.

"Amesema atanisindikiza mpaka geti la uwanda," anasema. "Nimemwambia getini panatosha kwa kuanzia."