Kifurushi cha Mithika

Kanisani Kiirua, Ciakuthii huomba jambo moja kila Jumapili: mwanawe Mithika apate kazi. Waumini huitikia amina kwa huruma, na Mithika, aliyeketi papo hapo kwenye benchi, huitikia pia. Angefanyaje? Kueleza alishajaribu, akaambulia kuulizwa kama anaweza kutengeneza simu iliyoingia maji.

Kazi anayo, mshahara ndio hana. Kuna mfumo wa kompyuta ambao watu wa nchi nyingi huutengeneza kwa kujitolea na kuugawa bure. Mithika ni mtunzaji wa kifurushi kimoja ndani yake, chenye zana za kuandikia programu zinazokaa ndani ya vifaa vidogo: mita, pampu, vali za maji. Toleo jipya la zana likitoka, hulijenga upya, hurekebisha kilichovunjika, hulijaribu kwenye kibao cha saketi pale mezani pake, kisha hulifunga vizuri ili anayelihitaji aandike amri moja tu, nalo lije. Uchungu wa kazi hii ni kwamba ikienda sawa hakuna anayekuandikia. Ujumbe huja pakiharibika, na mwingi ni wa matusi. Kimya kikizidi, mtu huanza kujiuliza kama kweli kuna binadamu upande wa pili.

Mwezi mmoja alichoka kabisa. Akawatangazia wenzake mtandaoni kwamba anakiachilia kifurushi, anayekitaka akichukue. Desturi yao inajulikana: kisipopata mtunzaji kufikia mwisho wa mwezi, kinaondolewa. Hakuna aliyejibu. Hilo lilimuuma kuliko matusi.

Mwezi ukielekea ukingoni, mama alimtuma hadi Mitunguu kwa shangazi yake Makandi, akalete ndizi. Alikuta migomba imenyauka. Kidude cha kufungulia maji ya shamba kilikuwa kimekwama, na fundi mmoja kijana, Gatwiri, alikuwa amechuchumaa kando yake na kipakatalishi kipya magotini. Mithika akachungulia. Kwenye skrini, kifurushi chake kilikuwa kinapakuliwa.

Gatwiri akazitumia zana hizo kuingiza upya programu ya kidude; haukupita muda, kikalia, maji yakaanza kukimbia kwenye mabomba. Makandi akamshukuru Mungu kwa sauti, akamtwika Mithika gunia la ndizi chache zilizopona.

"Hiyo programu unatoa wapi?" Mithika aliuliza.

"Hii? Iko tu. Unaiitisha, inakuja. Hainisumbuangi."

"Na wakiitoa?"

Gatwiri akacheka. "Itolewe na nani? Kwani iko na mwenyewe?"

Mithika aseme nini, kwamba mwenyewe ndiye huyu amebeba gunia la ndizi? Aliona aibu. "Sijui," akasema, na fundi akaendelea kukunja nyaya zake.

Alipofika nyumbani hakungoja hata chai. Alifungua kompyuta, akawaandikia wenzake: "Nimebadilisha nia. Kifurushi nabaki nacho." Akangoja. Hakuna aliyejibu. Basi akavuta kibao chake, akaanza kujaribu toleo jipya.

"Mithika!" mama akaita kutoka jikoni. "Kwa vile huna kazi, kuja unisaidie kumenya ndizi."

Taa ya kibao ikawaka kijani. Toleo lilikuwa limekubali, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

"Nakuja, mama," akasema.